Nafasi Ziko Ngapi?

Ratiba ya siku ya taaluma katika sekondari za Kinyerezi haina maajabu, wala haitofautiani sana na ya Tegeta au Mbagala. Turubai, viti vya plastiki, spika mbili zinazokoroma, maji ya chupa kwa meza kuu. Wageni wanakuja na vyeo vyao: daktari, mwanasheria, mhandisi, ofisa wa benki, askari mwenye nyota mabegani, na mmoja ambaye kazi yake ni kuhamasisha. Kila mmoja anaeleza alikotoka, ambako mara nyingi ni kijijini na bila viatu, kisha anaeleza alikofika. Zinafuata mada za kujitambua, kujiamini, kuweka malengo na kuchagua marafiki. Wakati wa maswali, kidato cha nne wanataka kujua mambo ya maana: rubani anasoma tahasusi gani, aliyesoma HGL anaweza kwenda moja kwa moja kwenye sheria, mshahara wa kuanzia ni kiasi gani. Hilo la mwisho huzua kicheko na kwa kawaida halijibiwi.

Kuna swali ambalo ni nadra kulisikia. Kazi kama yako, nchi hii inazo ngapi? Na mwaka nitakaohitimu, zitakuwa wazi ngapi?

Si swali la utovu wa adabu. Kulikuwa na wakati ambapo serikali ya nchi hii ilikuwa na jibu lake, limechapwa kwenye jedwali, fani kwa fani. Wakati huo, hata hivyo, hakuna aliyekuwa na haja kubwa ya kumuuliza mwanafunzi anataka kuwa nani. Leo anaulizwa kila mwaka, kwa kipaza sauti, na hesabu haonyeshwi. Maswali hayo mawili yalipishana mlangoni, moja likiingia na jingine likitoka, na siku ya taaluma tuliyonayo haieleweki bila kujua yalipishana lini.

Tuanze mbali kidogo. Chini ya ukoloni aliyejenga shule alikuwa amekwisha kulijibu swali la mtoto kabla mtoto hajalifikiria. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa sababu walihitaji makarani, wakalimani na maakida wanaoweza kusoma na kuandika. Waingereza walipofika walikuwa na nadharia zaidi. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayoendana na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi wa mikono, maadili. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Tabora, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ili warudi kwao kuwa machifu waliosoma. Mtoto wa mtemi awe mtemi, mtoto wa mkulima awe mkulima, ila msafi zaidi na mwenye mbolea.

Wazazi na watoto hawakukubaliana na mpango huo. Walitaka ukarani. Tumezoea kuwacheka kwa hilo na kuliita kasumba. Lakini mtazame Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani kwa wamisionari wa UMCA, kisha akafuata kalamu kila ilikoitwa: Kenya, Uganda, Tanga. Mwaka 1922 alianzisha mjini Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika, moja ya mizizi ya siasa zetu zote zilizofuata. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na miaka ya 1930 akafika makao makuu ya serikali Dar es Salaam, katika cheo ambacho Waafrika hawakuwa wamezoea kukishika. Jembe lisingemfikisha huko. Vijana waliomwona Kayamba akipita barabarani na suti yake hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza soko la ajira. Walilisoma wenyewe, na walilisoma sawasawa.

Vilima vya Pugu haviko mbali na Kinyerezi, upande wa kusini-magharibi. Huko kulikuwa na Chuo cha Mtakatifu Francis, ambacho leo ni Sekondari ya Pugu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa na mwalimu wa historia aitwaye Julius Nyerere. Alikuwa amepitia ngazi yote: Mwisenge, Tabora, Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua, siasa zilimpata kama ajali. Sentensi hiyo imekuwa ikirudiwa kama mzaha wa mtu mnyenyekevu, lakini mimi sehemu ya kwanza ndiyo inayonishughulisha. Ualimu aliuchagua kutoka wapi? Kijana wa Tanganyika aliyefika Makerere miaka ile alikuta mbele yake udaktari, ualimu, kilimo na mifugo. Sheria haikufundishwa. Ni hiari, ndiyo, lakini hiari ya mgeni katika mgahawa wenye sahani nne.

Uchaguzi wake wa kweli ulikuja baadaye. TANU ilizaliwa Julai 1954 akiwa bado na chaki mkononi. Machi 1955, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa huko New York, ilibidi aamue kati ya darasa na chama, akajiuzulu. Ukitafuta mtu wa karibu na Kinyerezi aliyeacha mshahara wa uhakika kwa kazi ambayo haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, basi ni huyo. Na mtu huyo huyo, miaka michache tu mbele, ndiye aliyekuja kusimamia orodha ndefu na kali kuliko zote.

Hesabu ilikuwa ya kutisha. Kwa takwimu ambayo Mwalimu alikuja kuitaja mara kwa mara, Waingereza waliondoka wakituachia wahandisi 2 na madaktari 12 waliosomeshwa. Chuo Kikuu chenyewe kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, George Tobias, kwa ufadhili wa Taasisi ya Ford, alihesabu kazi za juu zilizopo nchini, nani anazishika, na ngapi zitahitajika miaka ijayo. Hesabu za namna hiyo zikaingia kwenye Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, uliokuwa na malengo makuu matatu ya kufikiwa kabla ya 1980: kipato cha kila mtu kipande kutoka pauni 19 na ushei hadi 45, watu waishi wastani wa miaka 50, na nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe.

Inafaa kueleza jinsi mashine hiyo ilivyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tumezaliwa baada yake. Kazi ziligawanywa madaraja. Daraja A ni zile zinazohitaji shahada, B ni zinazohitaji mwaka mmoja hadi mitatu ya mafunzo baada ya sekondari, C ni zinazohitaji sekondari. Unaanza juu: nchi itahitaji madaktari wa mifugo wangapi? Kwa idadi hiyo unapata nafasi za chuo kikuu. Kutoka hapo unapata idadi ya kidato cha tano, wangapi sayansi na wangapi sanaa. Unashuka hadi kidato cha kwanza. Sekondari haikupanuliwa kwa kuwa watoto wamekuwa wengi au wazazi wamelalamika. Ilipanuliwa kwa kadiri jedwali lilivyodai. Karo ya sekondari ilifutwa mwaka 1964, jambo kubwa, lakini mlango ulibaki mwembamba uleule.

Mwanafunzi aliyepita mlango huo na kupata ufadhili wa serikali aliweka saini mkataba. Atasoma fani iliyohitajika, na akimaliza atafanya kazi atakayopangiwa kwa miaka 5. Hapakuwa na maana ya kumwita mtu wa benki aje kumhamasisha. Barua ingemfika, nayo ingetaja mkoa.

Tusijidanganye kwamba ilikuwa dhuluma tupu. Mtoto wa mvuvi wa Kilwa aliyefaulu alikuwa na uhakika ambao mtoto wa Kinyerezi leo anausikia kama ngano: ada imelipwa, kazi ipo, nyumba ya serikali huenda ipo. Tusijidanganye pia kwamba ilikuwa haki tupu. Jedwali halikuwa na safu ya mtu anayetaka kupiga tarumbeta, na wala halikuwa na neno la kumwambia mtoto wa darasa la saba aliyeachwa nje, ambaye hakuachwa kwa ujinga. Aliachwa kwa hesabu.

Wa kwanza kuugomea utaratibu, hata hivyo, hawakuwa walioachwa nje. Walikuwa waliomo ndani. Serikali ilipotangaza mwaka 1966 kwamba wahitimu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kambini na sehemu kubwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Mlimani walikasirika. Tarehe 22 Oktoba waliandamana hadi Ikulu. Lilikuwepo bango lililosema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali, na nadhani mwandishi wake alijua anachokoza. Mwalimu aliwasikiliza, akakubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20, kisha akawafukuza. Karibu 400 walirudishwa makwao, na wengi wao walikubaliwa kurejea mwaka uliofuata.

Kisa hicho husimuliwa kama ngano ya watoto waliodekezwa na baba aliyekuwa na msimamo. Ni kweli walidekezwa. Lakini chini ya ubinafsi wao kulikuwa na hoja ambayo haikujibiwa siku ile: mtu aliyehesabiwa na taifa tangu darasa la nane ana sauti gani juu ya maisha yake? Jibu la serikali lilikuja kwa njia ya mzunguko. Februari 1967 Azimio la Arusha, na Machi waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao ulisema wazi kitu ambacho hakuna mgeni wa siku ya taaluma anayeweza kukisema leo na kupigiwa makofi. Ni takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi watakaopata sekondari, uliandika waraka, kwa hiyo shule ya msingi isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Iwaandae watoto kwa maisha ambayo wengi wao wataishi kweli, nayo ni ya kijijini na ya kilimo.

Kama ushauri wa kazi ni kumwambia kijana ukweli kuhusu kinachomngoja, basi huo ndio ulikuwa ushauri wa kazi mkubwa kuliko wote kupata kutolewa nchini. Ulipokelewa vibaya. Wazazi waliendelea kununua madaftari kwa matumaini ya sekondari, kwa sababu zile zile za enzi ya Kayamba: waliona nani anavaa viatu.

Yaliyofuata yalikuwa kukaza skrubu. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo, ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, kwa kawaida miaka miwili, na arudi na pendekezo la mwajiri na la chama. Ndani ya muda mfupi ikaonekana kwamba wasichana wanapungua vyuoni, maana miaka miwili ya kusubiri ndiyo miaka ya kuposwa, na sharti likalegezwa kwa ajili yao. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na mjini Dar es Salaam kijana asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba. Huo ulikuwa upande wa pili wa jedwali: asiye na safu alikuwa mzururaji.

Mwaka 1984, katika mkutano wa kitaifa uliofanyika Arusha, huduma ya ushauri na unasihi ilikubaliwa rasmi kuwa sehemu ya mfumo wa elimu nchini. Kabla ya hapo ushauri wa kazi shuleni ulikuwa kibarua cha ziada cha mwalimu mmoja aliyeteuliwa na mkuu wa shule. Aliwasaidia wanafunzi kujaza fomu za uchaguzi, naye alijua zaidi kujaza fomu kuliko kushauri. Sasa kulikuwa na wazo kubwa zaidi, kwamba mwanafunzi ana vipaji, wasiwasi, mapenzi yake, na anastahili kusikilizwa.

Wazo zuri, saa mbaya. Agosti 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ajira serikalini zilibanwa na watumishi wakaanza kupunguzwa. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakimeza wahitimu yakauzwa au yakafa. JKT ya lazima ikasitishwa mwaka 1994 na haikurudi hadi 2013. Kwa maneno mengine, tulijifunza kumuuliza kijana anataka kuwa nani katika miaka ile ile ambapo barua zenye jina la mkoa zilikoma kutumwa. Hapo ndipo maswali yalipishana.

Ushauri wa kazi kama fani ulizaliwa Boston mwaka 1908, katika mtaa uliojaa wahamiaji, pale Frank Parsons alipofungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mafundisho yake yalisimama juu ya miguu mitatu: mtu ajijue, azijue kazi zenyewe pamoja na masharti, malipo na nafasi zake, kisha ayapatanishe mawili hayo kwa akili timamu. Mguu wa pili ulikuwa kazi ya utafiti, ya kwenda viwandani na maofisini kuuliza. Siku zetu za taaluma zimerithi mguu wa kwanza na kuunenepesha kupita kiasi. Wa pili umekonda hadi hauonekani, na wa tatu unategemea wa pili.

Kilichoujaza uwanja ni lugha ya hamasa. Sina dharau nayo. Kampeni ya Fursa ya Clouds chini ya marehemu Ruge Mutahaba, na mikutano na vitabu vya Eric Shigongo, viliwafikia vijana ambao hakuna ofisa wa kazi aliyewahi kuwatembelea, na viliongea Kiswahili ambacho kijana wa Gongo la Mboto anakielewa. Lakini lugha hiyo ina kanuni yake ya ndani: aliyefanikiwa alithubutu, kwa hiyo ambaye hajafanikiwa hakuthubutu. Jedwali la 1964 lilimwacha mtoto nje na kumwambia ni hesabu ya taifa. Hamasa inamwacha nje na kumwambia ni yeye. Kati ya maumivu haya mawili sijui lipi ni zito zaidi kwa mtoto wa miaka 17, ila najua lipi linamnyamazisha.

Na watoto wenyewe wameongezeka. Mwaka 2004, ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 1,300. Mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya 4,200. Shule za kata zilijengwa kwa michango, kwa tofali za wananchi, mara nyingine kabla ya kupatikana walimu. Mlango mwembamba wa zamani ukavunjwa, na lilikuwa jambo jema. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri, hadi serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Tangu Januari 2016 elimu bila ada imeongeza wengine.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita waombaji kwenye usaili. Nafasi zilikuwa 70. Walioitwa walikuwa zaidi ya 10,000, na hakukuwa na ukumbi wa kuwatosha, wakakalishwa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Temeke. Picha zilisambaa: vijana wenye bahasha za kaki, wamejaa pale ambapo kwa kawaida wanajaa mashabiki wa Simba na Yanga. Wengi wao walikuwa na shahada na walijiamini vya kutosha kufika. Hesabu yao ilikuwa mmoja kwa kila 140 au zaidi, na uwanja ndio uliowaonyesha, maana shuleni hakuna aliyewaonyesha.

Mkataba nao umebadilika. Yule wa 1965 alikuwa na deni la miaka 5 ya kazi, na mdai wake alilazimika kumpa kazi ili alipwe. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, mhitimu ana deni la fedha. Marekebisho ya sheria ya 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara. Mdai wa leo hana wajibu wa kumtafutia mdaiwa wake kazi.

Kinyerezi yenyewe ina somo lake kuhusu idadi. Miaka si mingi iliyopita ilikuwa mashamba na mikorosho, baadaye viwanja, na sasa ni mahali ambapo nchi nzima imewahi kupategemea kwa umeme. Bomba la gesi kutoka Mtwara lilizinduliwa Oktoba 2015. Kinyerezi I ilianza na megawati 150, Kinyerezi II ikafuata na 240. Kwa mtoto anayeona mitambo hiyo akienda shule, uhandisi si neno la kitabuni. Na ule ulikuwa wakati wa homa ya gesi: ugunduzi wa baharini tangu 2010, mazungumzo ya kiwanda kikubwa cha kusindika gesi Likong'o mkoani Lindi, kozi za petroli zikafunguliwa vyuoni, vijana wakajaza PCM na PGM kwa matumaini. Kiwanda cha Lindi, ninapoandika haya, hakijaanza kujengwa. Na mtambo wa umeme wa gesi una tabia moja ambayo mhandisi mgeni angeweza kuieleza kwa dakika mbili: unahitaji mafundi wengi wakati wa kujengwa na wachache sana wakati wa kuendeshwa. Taarifa hiyo ina thamani kuliko saa nzima ya kuthubutu.

Sasa gurudumu limezunguka tena. Sera ya elimu katika toleo lake la 2023 imeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na utekelezaji ulianza kidato cha kwanza mwaka 2024. Mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65. Wazee waliosoma mchepuo wa kilimo wanaitazama amali na kutabasamu. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, aliandika kwamba vijana hawakimbii ufundi kwa kuharibiwa akili na mtaala wa kizungu. Wanakimbia kwa sababu wanaona karani analipwa nini na fundi analipwa nini. Badilisha malipo, mtaala utajifuata. Sioni kwa nini hoja hiyo isihusu Kinyerezi ya leo, isipokuwa kwamba sasa karani naye hana kazi, na fundi wa aluminiamu wa Segerea huenda anampita ofisa wa benki.

Fundi huyo haalikwi, hata hivyo. Wala mama lishe, wala dereva wa bodaboda, wala mkulima wa mpunga wa Ruvu. Utafiti wa nguvukazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wa 2014 na tena wa 2020/21, unaonyesha kwamba Watanzania wanaofanya kazi wako kwenye kilimo zaidi kuliko mahali pengine popote. Ukiyapanga majina ya wageni wa meza kuu kwa uwiano wa kazi zilizopo nchini, viti vingi vingekaliwa na watu wenye tope miguuni, na daktari angepata pembe moja ya kiti kimoja. Sisemi waalikwe ili watoto wakate tamaa. Mkulima wa Ruvu anajua bei, mikopo, madalali na mvua, na angejibu swali la mshahara bila kucheka.

Ripoti hizo zinapatikana bure. Ni kurasa nyingi, zimejaa majedwali, na kuna safu ya fani, safu ya umri, safu ya elimu. Mwalimu wa unasihi mwenye vipindi 28 kwa wiki na darasa la watoto 70 hana muda wa kuzisoma, na hakuna aliyempa kazi hiyo. Mwanafunzi anajaza fomu yake ya Selform kabla ya mtihani. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua mfumo kwa wiki chache ili anayetaka kubadilisha tahasusi abadilishe, kisha huufunga.